Mzee Kaanaeli na Pumzi ya Marahaba

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Kaanaeli Eliamini Akyoo, fundi sanifu mkuu wa maabara ya mwanga katika Kituo cha Sayansi ya Maji, Kijenge, Arusha, anatimiza miaka thelathini na mitano ya utumishi na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Aliripoti kazini tarehe 2 Julai 1990, asubuhi ya manyunyu na baridi kali, akiwa na cheti kimoja, koti la kuazima na barua ya ajira aliyoikunja mara nne. Katika miaka yote hiyo amechelewa mara mbili tu, na mara zote mbili anazo sababu ambazo yuko tayari kuzieleza upya hata leo, mkimpa nafasi.

Mgeni anayefika kwetu kwa mara ya kwanza huuliza swali moja. Mbona mzee huyu, mpole na mstaarabu kiasi hiki, ukimwamkia haitikii? Unasimama mlangoni, unasema shikamoo, naye anakunyooshea kiganja kama askari wa barabarani. Wengine wamerudi makwao wakisema ana maringo. Maneno hayo yamefika hadi Kikwe anakoishi, yakafika hadi kanisani kwake, na yeye hajawahi kujitetea. Husema tu kwamba ni utaratibu wa maabara.

Mimi ninayeandika ni Nashipae Parsimei, mkuu wa maabara hiyo kwa sasa. Nimeomba mwenyewe kazi ya kuandika wasifu huu, na walipotaka kumpa mtu wa utawala nilikataa katakata. Utaratibu huo ulianza kwa kosa langu, na kwa miaka kumi na sita nimemwacha mzee wa watu alibebe peke yake. Sikubali aondoke kabla sijalieleza mbele ya familia yake na wafanyakazi wenzake.

Lakini tuanze na kazi yenyewe, maana wapo humu ndani wahasibu na madereva ambao wamepita mlango wetu miaka mingi bila kujua tunachofanya. Maji ni molekuli nyingi ndogo zisizohesabika, na kila moja hushikana na jirani zake. Zinashikana, zinaachiana, zinashikana tena, kwa kasi ambayo saa yoyote ya ukutani haiwezi kuipima. Sisi tunapitisha mwanga wa infraredi katika tone la maji. Ni mwanga usioonekana kwa macho, lakini ukikaa karibu na jiko la mkaa unausikia kwenye ngozi. Molekuli iliyoshikwa na wenzake hutikisika taratibu kuliko iliyo huru, na kila mtikisiko hula sehemu yake ya mwanga. Mashine yetu, spektromita, inachora kilicholiwa. Kwa maji ya kawaida mchoro huwa na mlima mmoja mpana, na kwa kuusoma mlima huo tunajua maji yanashikana vipi yakiwa baridi, yakiwa moto, au yakiwa na chumvi na madini ndani yake.

Mzee Kaanaeli alianza kazi hiyo vibaya sana, na hadithi hii anaipenda kuliko sisi. Wiki yake ya kwanza alikabidhiwa vioo viwili vya mashine ya zamani akaambiwa avitunze viwe safi. Akavipeleka bombani akaviosha kwa maji, kwa bidii zote, maana kwao kitu hakijawa safi mpaka kioshwe. Vioo vile vilikuwa vya chumvi. Viliyeyuka vidoleni mwake akiwa anaviangalia. Alikwenda kwa bosi wa wakati huo akiwa na mikono mitupu yenye ladha ya chumvi, akaomba afukuzwe rasmi, kwa barua, ili nyumbani waamini. Bosi alicheka hadi akakaa chini, kisha akaagiza vioo vingine, vya kalsiamu floraidi, ambavyo maji hayaviyeyushi.

Hapo ndipo alipopata msemo wake. Sisi tunaouzunguka Mlima Meru tunajua maji yetu yana floraidi nyingi, na yeyote aliyeyanywa tangu utotoni ana ushahidi wa kahawia mdomoni. Mzee Kaanaeli anao ushahidi kamili, ndiyo maana katika picha zote za kituo amefunga mdomo. Vioo vipya vilipofika akasoma jina kwenye kasha, akasema, “Floraidi imeniharibia meno. Sasa na yenyewe inifanyie kazi.” Vioo hivyo ameviosha kwa mkono wake kwa miaka thelathini na kitu, na bado vinang'aa kuliko miwani yangu.

Ameitunza mashine kwa ukaidi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Kila Ijumaa huzioka chembe za kukaushia hewa mpaka zirudi kutoka waridi kuwa bluu, na Ijumaa Kuu hufanya Alhamisi. Miezi ya baridi huifunika mashine kwa shuka jekundu la kimasai, na hakuna anayeruhusiwa kuliazima hata akitetemeka. Umeme ukikatika, yeye ndiye mtu pekee kituoni asiyeguna. Anaandika saa, anasubiri, unarudi, anaandika saa, anaanza upya kipimo chote. Amepanda na madumu mgongoni kwenye chemchemi za Meru mara nyingi hata wenye mashamba wakamzoea na kumwachia ndizi njiani. Wanafunzi arobaini na mmoja wamejifunza mikononi mwake, na wanane kati yao leo ni madaktari wa falsafa.

Mmoja wa hao wanane ni mimi, kwa hiyo sasa nieleze.

Nilikuja mwaka 2007 kutoka Kisongo, mwanafunzi wa udaktari, na katika chumba cha mashine tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Nilikuwa nachunguza maji ya chemchemi. Mwishoni mwa 2008 nilianza kuona kitu cha ajabu. Kipimo cha kwanza cha asubuhi, na hicho tu, kilikuwa na mistari myembamba pembeni mwa ule mlima mpana, imepangana kama meno ya kitana. Mistari ya namna hiyo hutokea pale molekuli za maji zinapokuwa huru, hazijashikana na yeyote. Vipimo vya mchana havikuwa nayo. Mimi nikapata jibu langu: maji yakilala usiku kucha bila kuguswa, baadhi ya molekuli zake huachiana. Nikayapa jina, maji yaliyolala. Profesa Oscar aliyekuwa akinisimamia alifurahi mno. Tukaandika makala, ikakubaliwa kusomwa kwenye mkutano mkubwa nje ya nchi, na tasnifu yangu nzima ikakaa juu ya ile mistari. Nyumbani Kisongo mama alishawatangazia watu kwamba mwanawe amegundua kitu ndani ya maji.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mapema Machi 2009, zikiwa zimebaki wiki tatu kutuma nakala ya mwisho, Mzee Kaanaeli alinionyesha kwenye mchoro alama nyingine ndogo, mbali na mistari yangu. Ilikuwa ya hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Alikuwa amegundua kwamba mistari ikiwa mirefu, na alama hiyo huwa ndefu. Ikiwa mifupi, nayo fupi. Akaniambia, “Mwanangu, hii ni pumzi ya mtu. Mvuke wa kinywani. Usitume kwanza.”

Nikamuuliza pumzi ya nani. Swali lilikuwa la haki, kwa sababu kila mtu anajua Mzee Kaanaeli hapumui juu ya mashine. Asubuhi anapima kwanza kisanduku cha ndani ya mashine kikiwa kitupu, ili hewa iliyomo isihesabiwe kuwa maji. Kisha anavuta pumzi, anaibana, anafungua kifuniko, anaweka tone lake kati ya vioo viwili mahali pake, anafunga, ndipo anapumua. Sekunde kumi na mbili. Hakuwa na jibu, na alikiri kwamba hana. Aliomba wiki mbili alitafute.

Niliogopa. Nilijua akiwa sahihi sina tasnifu, sina mkutano, sina uso wa kumtazama mama. Basi hofu ikatoka kinywani ikiwa na sura ya dharau. Nilimwambia, “Mzee, wewe ni fundi sanifu. Kuosha vioo ni kazi yako. Kusoma grafu niachie mimi.”

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema, na mkono bado unaona aibu.

Kesho yake niliingia bila kumwamkia. Sijui kama walio wageni Arusha wataelewa uzito wa jambo hilo. Kwetu nililelewa kumpelekea mkubwa kichwa changu akiguse kabla sijafungua mdomo kwa lolote, na mtoto aliyempita mzee kimya alirudishwa njia nzima akaanze upya. Na mimi nikampita Mzee Kaanaeli kimya, mtu niliyekuwa nikimwita baba, kwenye chumba cha hatua sita. Nilikaa kwenye meza yangu nikimpa mgongo. Siku ya pili hivyo hivyo. Ikawa siku kumi na mbili za kazi. Yeye aliendelea na vipimo vyangu kila asubuhi, hakuacha hata kimoja, na hakunisemea kwa mtu yeyote. Mkewe, Mama Esther, ambaye kila Jumatano hutuma loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando, kazini, aliendelea kutuma bakuli mbili.

Siku ya kumi na mbili nilihitaji takwimu za mwisho ili nitume makala. Mzee alikuwa ametoka kuchukua chembe zake kwenye oveni. Nilifungua kauntabuku yake mwenyewe, ile yenye jalada gumu la bluu, nikaanza kunakili. Mistari haikuwepo. Nikapekua siku ya nyuma, haikuwepo. Siku zote kumi na mbili, maji yaliyolala yalikuwa sawasawa na maji ya mchana, mlima mmoja mpana, laini, bila jino hata moja. Nikaanza kuzisoma upya, moja moja. Ndipo nikaona kwamba pembeni ya kila kipimo alikuwa ameongeza safu mpya, kwa ule mwandiko wake mdogo ulionyooka. Siku zote kumi na mbili aliandika neno moja: hakuamkia. Na nyuma zaidi, kwenye kurasa za Januari na Februari, alikuwa amerudi na kujaza kwa penseli, palipo na mistari: aliamkia. Jumamosi zote ambazo sikuja zilikuwa safi.

Nilielewa nikiwa nimesimama. Kila asubuhi saa mbili na robo niliingia nikasema shikamoo, na kila asubuhi saa mbili na robo yeye alikuwa amefungua kifuniko. Pumzi angeweza kuibana kwa ajili ya sayansi, lakini hakuweza kumnyima mtoto wa watu itikio lake. Alikuwa anajibu kichwa kikiwa juu ya mashine. Ugunduzi wangu mkubwa ulikuwa marahaba.

Tena tazameni alichofanya. Nilimvunjia heshima siku kumi na mbili, naye akaiandika ile dharau kama anavyoandika nyuzi za joto, bila neno la ziada, kwa sababu ilikuwa ndiyo jibu alilokuwa analitafuta. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa Profesa Oscar na safu ile. Aliiacha kwenye daftari ambalo alijua nitalifungua.

Asubuhi iliyofuata nilifika saa mbili na robo. Mzee Kaanaeli alikuwa amefungua kifuniko, tone mkononi, pumzi ameibana. Aliniona mlangoni akatulia, akanisubiri. Nilisema, “Shikamoo, baba.” Akainama kabisa juu ya mashine, akajibu, “Marahaba, mwanangu,” akafunga, akabonyeza. Tulikaa tukiangalia mchoro unavyojitokeza polepole kwenye kioo cha kompyuta. Meno ya kitana yakarudi yote, marefu kuliko siku zote. Nililia na kucheka kwa pamoja, nikamwomba radhi, naye akawa ameshachukua peni. “Unaona,” alisema huku anaandika, “neno lenyewe lina ‘ha’ katikati. Lingekuwa ‘ndiyo’ tusingepata shida hivi.”

Barua ya kuondoa makala mkutanoni niliiandika siku hiyo hiyo, naye amekaa kiti cha pili. Kidole changu kilikataa kubonyeza. Hakunisukuma. Nilipobonyeza alisimama, akakunja mikono ya koti, akasema maneno mawili ambayo nimeyabeba mpaka leo: “Haya, tuanze.”

Tulianza. Miezi kumi na minne, vipimo zaidi ya mia sita, vyote upya. Profesa Oscar hakuwa na furaha, na mama Kisongo alibaki na kazi ya kuwatangazia watu tena. Jibu lilikuwa la kawaida na la kweli: maji yaliyolala ni maji tu, yanashikana usiku kama yanavyoshikana mchana. Lakini kwa kuwa vipimo vyetu sasa vilikuwa safi, tuliona kitu kidogo ambacho ile mistari ilikuwa inakifunika, namna mlima unavyosogea kidogo, kidogo sana, maji ya chemchemi yanapozidi madini. Kitu hicho kidogo ndicho kilichonipa shahada mwaka 2011, na ndicho maabara hii inakifanyia kazi hadi leo.

Na ndipo utaratibu ulipoanza. Kifuniko kikiwa wazi, hakuna shikamoo wala marahaba. Anayeingia husimama mlangoni akainamisha kichwa, kwa desturi ya kwetu, mzee hunyoosha kiganja, na salamu husubiri. Profesa nilimweleza tu kwamba kulikuwa na mvuke uliopenya. Sikusema ulipenyaje, wala sikusema nilimwambia nini mzee. Kwa hiyo watu waliona kiganja bila kujua sababu yake. Mwaka 2016 mkurugenzi wetu, Dkt. Frederick, alileta ugeni mzito wa watu saba wenye tai, wakasalimu wote kwa pamoja, wakapewa kiganja. Mkurugenzi alitamani ardhi ipasuke. Kifuniko kilipofungwa, Mzee Kaanaeli alivua glavu, akawazungukia mmoja mmoja, akawapa mkono, akawauliza habari za nyumbani, za safari na za watoto, mpaka ratiba ikaharibika kwa nusu saa. Bado walioondoka na habari ya kiganja walikuwa wengi kuliko walioondoka na habari ya mkono.

Basi isikike leo, na walio Kikwe wawafikishie wasiokuja. Mzee Kaanaeli hana maringo. Aliacha kuitikia kwa sababu kuitikia kwake kulikuwa kwa moyo wote, hata mashine ikakuona. Alipokea lawama ya watu ili mwanafunzi mmoja mwenye mdomo mchafu asiaibike. Mwanafunzi huyo ni mimi, na ninaomba radhi mbele yenu wote, na mbele ya Mama Esther, ambaye nimekula loshoro yake siku ambazo sikustahili.

Ijumaa iliyopita alichukua kipimo chake cha mwisho. Nilikuwa mlangoni, nimeinamisha kichwa. Mchoro ulitoka safi. Aliuangalia muda mrefu, akaandika saa, akafunga kauntabuku ya thelathini na nne, akaniachia ufunguo wa oveni pamoja na onyo kuhusu lile shuka.

Mzee wetu, ahsante kwa vioo, kwa madumu, kwa kila Ijumaa ya chembe za bluu. Ahsante kwa kutufundisha kwamba jibu tunalolipenda nalo lazima lipimwe tena. Nenda Kikwe ukapumzike na Mama Esther, ng'ombe wakupe maziwa, shamba likukubali, wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Na katika picha ya leo tunakuomba ufungue mdomo, utupe ushahidi wote.

Jambo la mwisho ni la wote waliopo ukumbini. Baada ya chakula tutapanga mstari mlangoni pa maabara ya mwanga, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja aliyewahi kupewa kiganja. Nitakuwa wa kwanza. Mashine nimeizima kwa mkono wangu asubuhi hii, na kifuniko kimefungwa.

Shikamoo, Mzee Kaanaeli. Itikia kwa pumzi yako yote.